Ulinganisho: Switch Lite, Steam Deck au PSP kwa gemu nzito za vita na uchawi? (Niko Lamu, navuka bahari kila siku)

MvukajiMokowe (Langoni, Lamu)

Asalaam alaykum wakuu. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa, maana hizi zimekusanywa kwa jasho na sitazipata tena mwaka huu.

Kazi yangu iko Mokowe, nyumbani Langoni. Asubuhi boti, jioni boti. Kuvuka kwenyewe hakumalizi nusu saa, lakini kungoja ijae ndiko kunakokula umri. Ukijumlisha gatini asubuhi, gatini jioni na ule mchana ambapo mzigo haujafika, nina kama saa mbili kwa siku, ila za vipande vipande. Robo saa hapa, dakika ishirini pale. Gemu za simu nimezichoka, kila ukianza kunogewa linaingia tangazo.

Ninachotafuta ni zile za mikakati, zamu kwa zamu, zenye majoka, wachawi na wapanda farasi, ramani ya kukaa ukaitazama. Nimekulia pembeni ya baraza la bao, babu yangu alikuwa fundi wa kete, kwa hiyo kutazama shimo moja dakika tano si adhabu kwangu.

Nimepata mashine tatu za gemu za mkononi. Switch Lite iliyotumika, mtu wa Mombasa anataka 19,000 na ananipa kadi moja ya gemu. Steam Deck ya kwanza, ile yenye skrini ya LCD, GB 256, 52,000, lakini hiyo nitangoja miezi minne niongeze. Na PSP ya binamu yangu, anasema 5,000 na sahani ya pilau. Mngekuwa mimi?

---

KituoChaMwisho (Malindi)

Waalaykum salaam. Kaka, kabla ya mashine tuzungumzie hizo robo saa zako, wengi wanakosea hapo.

Zote tatu zinalala. Unabonyeza kitufe, skrini inazima, unashuka botini, na jioni askari wako unawakuta walipokuwa. Hata PSP, mashine ya 2004, inafanya hivyo. Kwa hiyo muuzaji yeyote asikuuzie usingizi kama kitu cha ajabu. Kinacholala vibaya ni kichwa chako. Unaacha pambano katikati saa moja asubuhi, unarudi saa kumi na moja jioni, unamkuta mpanda farasi amesimama kichochoroni peke yake na hukumbuki hata kidogo ulimtuma nini pale.

Mimi hupanda matatu Malindi–Mombasa mara mbili kwa wiki na Tactics Ogre: Reborn. Ramani zake zina vilima na mapaa, mshale wa aliye juu unafika mbali kuliko wa aliye bondeni, kwa hiyo nusu ya mpango ni nani apande wapi. Wiki ya kwanza nilikuwa nasahau kila kitu nikifika Mtwapa. Siku hizi siifungi kabla sijaandika mstari mmoja kwenye simu. Wa juzi ulisema: "Mwenye upinde abaki paani hata akitukanwa." Mstari mmoja tu, unaokoa vita.

Kwa hiyo jiulize ni gemu gani inavumilia kukatwakatwa, mashine itafuata. Fire Emblem: Three Houses inavumilia sana. Ina kalenda. Siku za katikati uko chuoni, unafundisha wanafunzi wako, unavua samaki, unapanda mbegu bustanini, unamwalika mmoja chai. Mwisho wa mwezi ndiyo vita. Hayo ya chuoni yanaenea robo saa bila kubanana, na vita unaiweka Ijumaa ukiwa nyumbani. Hiyo ni ya Switch peke yake, hutaipata Steam, lile duka la mtandaoni ambalo Steam Deck inachukulia gemu zake.

---

PembeSita (Mombasa)

Naona mmeshaanza kumsukuma kwenye Lite. Ngojeni kwanza.

Bwana Mvukaji, umesema "nzito". Basi nzito ziko kwenye Steam Deck. Mimi nina Age of Wonders 4 tangu ilipotoka 2023. Unaanza kwa kuunda watu wako mwenyewe: umbo lao, tabia zao, uchawi wanaoufuata. Kuna mielekeo sita, Mpangilio, Vurugu, Maumbile, Maada, Nyota na Kivuli, na kila kitabu cha uchawi unachochagua kinawasogeza upande fulani. Nimewahi kuwa na wanapanya wacha Mungu wanaoponyana kila zamu. Nimewahi kuwa na majitu ya barafu yasiyojua kilimo. Ramani ni ya pembe sita, unajenga miji, unatuma majeshi, na majeshi matatu yakikutana na matatu unashuka chini kuyaongoza mwenyewe. Hakuna gemu ya Switch inayokupa upana huo, na ninasema hivyo nikijua watu watanuna.

Sasa niseme na ubaya wake, nisije nikalaaniwa. Deck ni gramu 669. Ishike kwa mikono miwili kwenye boti inayoruka mawimbi, utajua. Maandishi ya Age of Wonders ni mchanga, kwenye skrini ya inchi 7 nakodoa macho nikisoma kila sifa ya askari, na juani gatini huoni kitu kabisa. Betri ni ya Wh 40 (wati-saa, ujazo wake), na gemu hii kwangu haifiki saa tatu. Nikiibana iende fremu 30 kwa sekunde inasogea kidogo. Ile Deck ya skrini ya OLED, ya 2023, ina Wh 50 na skrini bora zaidi, lakini hiyo ni bei nyingine.

Chenye kunifurahisha ni vile vibao viwili vya kugusa chini ya vijiti. Gemu za kompyuta zilizotengenezewa mausi zinaendeka vizuri tu. Hata zile za zamani kabisa.

---

MzeeWaUMD (Lamu, sasa Mombasa)

Vijana. Chukua PSP, mpe binamu yako pilau yake.

Final Fantasy Tactics: The War of the Lions, 2007. Kila mtu wako anajifunza kazi: leo ni mponyaji, kesho mpiga mkuki, na ujuzi wa kazi ya zamani anaubeba kwenye kazi mpya. Kuchanganya hayo tu kunakumaliza mwaka. Na akianguka vitani, juu ya kichwa chake inatokea hesabu, tatu, mbili, moja. Usipomfikia amegeuka jiwe la kioo na hayupo tena. Unapiga mbio na mponyaji wako ukipita katikati ya adui kwa ajili ya mtu mmoja. Hiyo ndiyo vita.

Kasoro yake naikubali: ukipiga uchawi mkubwa PSP inakwenda polepole kama jahazi lisilo na upepo. Unatosha kuimba beti mbili. Ukiona hivyo kunywa kahawa.

Hizi gemu zenu mpya zimelegea. Three Houses unarudisha muda nyuma ukikosea. Tactics Ogre hiyo ya KituoChaMwisho unarudi hadi zamu 50! Babu yake kijana huyu angesemaje? Kwenye bao mkono ukishatoka umetoka.

---

KituoChaMwisho (Malindi)

Maalim, kwa heshima zote, bao mnakaa wawili na mchezo unaisha kabla kahawa haijapoa. Hapa mtu amelea mhusika saa arobaini, halafu boti inapigwa na wimbi, kidole kinateleza, mponyaji anaingia katikati ya mashoka matatu. Hilo nalo ni kosa la akili?

Hata hivyo hakuna anayelazimishwa. Kwenye Fire Emblem unachagua tangu mwanzo: aliyekufa amekufa, au aliyeanguka anarudi baada ya pambano. Na kule kurudisha muda kuna idadi, unazihesabu kama senti za mwisho wa mwezi.

---

MzeeWaUMD (Lamu, sasa Mombasa)

Kidole kuteleza nakubali. Mengine bado.

---

BintiMagarini (Malindi)

Nimecheka peke yangu kwa hiyo ya jahazi 😂 Shikamoo Mzee.

Mimi nasimama na Switch, kwa sababu moja ambayo hamjaitaja: Triangle Strategy. Iko pia kwenye kompyuta, kwa hiyo hata Deck unaipata, lakini mimi nimeimaliza kwenye Lite na sikuona upungufu.

Mimi nimezaliwa karibu na Gongoni. Utotoni mwangu, ukitazama upande wa bahari unaona mabwawa ya chumvi mpaka macho yanauma kwa weupe. Maji ya bahari yanaingizwa, jua linayakausha, watu wanakwangua. Chumvi kwetu ni kitu cha chini, unampa jirani bila kufikiri. Sasa nafungua gemu hii nakuta falme tatu, moja ina chuma, moja ina mto na biashara, na moja, Hyzante, imekalia chumvi yote ya bara zima. Walishapigana miaka thelathini nyuma kwa ajili ya chumvi na chuma. Mtu asiye na chumvi anakufa, kwa hiyo aliyeishika anaandika hata dini. Niliweka mashine chini nikamwita mama nimweleze. Akasema, "Na wanaokwangua je?" Nikamwambia subiri, sijafika huko. Nilipofika, mama alikuwa sahihi kuuliza.

Vitani kwenyewe, utapenda. Ukimpiga mtu mgongoni pigo ni kali zaidi. Ukiwaweka wawili wako pande mbili za adui mmoja, akipiga huyu na mwenzake anaongeza. Maji yaliyomwagika yanapitisha radi. Ukisimama mahali pabaya hata askari mkubwa anakwisha.

Lakini kinachoiweka mbali na nyingine ni mizani. Inapofika njia panda, wewe mkuu wa nyumba huamui peke yako. Wenzako wanapiga kura kila mmoja na sarafu yake, na kabla ya kura unazunguka ukiwabembeleza mmoja mmoja. Maneno yako ya nyuma yamekuwa yakihesabiwa kimyakimya, upande wa uadilifu, wa manufaa au wa uhuru, na yanaamua nani atakusikiliza. Mimi nilishindwa kura mara mbili. Nikafuata njia nisiyoitaka nikiwa nimevimba kama mke aliyenyimwa ruhusa ya harusi.

Onyo: saa za mwanzo ni maneno matupu. Wanaongea, wanaongea. Kwa boti ni sawa, kwa mtu mwenye haraka atalala.

---

FundiWaMkomani (Lamu)

Nyinyi mnaongea majoka. Mimi nitaongea chumvi nyingine, ile inayoniletea wateja.

Mvukaji, adui wako ni hewa ya Amu kabla ya gemu yoyote. Mwezi wa Julai kusi ikikaza, abiria wa upande wa upepo wote wanaoga, na wewe umekalia mashine mapajani. Ninavyoletewa mezani vingi vina ugonjwa mmoja: tundu la chaji limeota kijani. Mtu ametoka botini, tundu lina unyevu wa chumvi, akafika nyumbani akachomeka moja kwa moja. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi unakula shaba. Siku hiyo huoni kitu. Baada ya wiki tatu chaji inaingia ukiushika waya kwa pembe fulani, halafu haiingii kabisa.

Fanya hivi. Tafuta kopo la chakula lenye kifuniko cha mpira, mashine ikae humo muda wote wa kuvuka kukiwa na mawimbi. Weka ndani vile vipakiti vya chembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ukifika, usichaji mpaka tundu likauke kabisa. Likilowa maji ya bahari, zima, usiwashe kujaribu, niletee au mpelekee fundi kama mimi.

Kati ya hizo tatu: Deck ina feni kubwa inayovuta hewa, na hewa yetu unaijua. Lite nayo ina feni, ndogo. PSP haina feni, lakini ina ile diski inayozunguka na lenzi yake, na za umri huo nyingi zinakuja lenzi imechoka. Betri pia, ukiona kifuniko cha nyuma kimeinuka usiichaji hata mara moja, imevimba. Kipime kwa kidole kabla ya kutoa pilau.

Vijiti vya Lite vikianza kuhama vyenyewe, kuvibadilisha ni lazima kuifungua yote, havichomoki. Uzuri wako ni kwamba gemu zako ni za zamu, unaweza kutembeza alama kwa vile vishale vya kushoto na kijiti ukakisahau.

---

NusuBando (Malindi)

Hakuna aliyemuuliza mtandao wake ukoje. Ndugu, una waya nyumbani au unakula bando ya simu?

Nauliza kwa sababu Steam Deck haina kadi ya gemu. Kila kitu unapakua. Nilinunua Total War: Warhammer III siku ya punguzo, nikashangilia, halafu nikaona ukubwa wake: zaidi ya GB 100. Nilienda kulala kwa shemeji Mombasa siku mbili kwa ajili ya mtandao wake, na zawadi nikabeba, maembe. Gemu ni kubwa kweli, ramani unaiongoza kwa zamu na vita inakwenda mbio bila zamu, lakini kwenye Deck lazima upunguze ubora wa picha mpaka majoka yanafanana na kuku.

Kadi ya Switch unachomeka unacheza. Ukimaliza unauza, unanunua nyingine. Kwenye uchumi wetu hilo si dogo. Kwa za kupakua, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa inafanya kazi Steam, bei utaziona kwa dola, kwa hiyo piga hesabu ya ubadilishaji kabla ya kufurahi.

Na kama una kompyuta yoyote ya zamani nyumbani, jaribu kwanza Battle for Wesnoth. Bure kabisa, hakuna tangazo, imekuwepo tangu 2003. Usiku unaingia na mchana unaingia humo humo vitani: wema wanapata nguvu ya asilimia 25 mchana na kuipoteza usiku, maiti na majitu kinyume chake. Ukiwakimbilia orki, yale majitu ya vita, jioni umejiua. Ikikukinaisha ndani ya wiki, umejua huzipendi hizi gemu na 19,000 yako iko mfukoni.

---

PembeSita (Mombasa)

Hiyo ya Wesnoth naunga mkono mikono miwili. Nayo iko kwenye Deck yangu, na haili betri.

Nani anataka kuleta Switch 2 hapa? Najua mtu atakuja.

---

Ghorofani_4 (Nairobi)

Nilikuwa naandika 😅 Inacheza kadi za Switch ya kwanza, skrini inchi 7.9... basi nanyamaza. Mtu amesema 19,000.

Ila ongezeni Unicorn Overlord, 2024. Hii ni tofauti: vikosi vinatembea kwenye ramani muda unakwenda, vikikutana vinapigana vyenyewe. Kazi yako unaifanya kabla. Unawaandikia masharti: mponye mwenzako akishuka chini ya nusu, mpige mwenye ngao kwanza, usitumie nguvu yako kama adui ni mmoja. Kama nahodha anayewapa mabaharia maneno yote pwani kwa sababu huko nje hawasikiki. Nayo haiko Steam.

---

MvukajiMokowe (Langoni, Lamu)

Wakuu, shukrani. Wiki mbili kimya kwa sababu nilifuata maneno yenu kwa mpangilio.

Wesnoth niliiweka kwenye kompyuta ya dukani. Usiku wa tatu nilijikuta saa nane nikibishana na msitu. Kwa hiyo upenzi umethibitika.

PSP nilienda kuiona. Fundi, kifuniko kilikuwa kimeinuka. Pilau tumekula, mashine imebaki kwake.

Deck ya mtu nilishikishwa gatini. Saa sita mchana, nilijiona uso wangu kwenye skrini kuliko askari. Nikarudisha. PembeSita, upana wake sikatai, siku nikiwa na meza na kivuli nitakutafuta.

Nimechukua Lite, imefika jana na basi, na kadi aliyonipa bila kumchagulia ni Triangle Strategy. BintiMagarini, wewe umeniombea dua gani? Kopo la chakula nimenunua, lilikuwa la rangi ya waridi tu, mabaharia wananiuliza leo umepika nini.

Jioni ya jana nilikaa barazani nikicheza, mzee mmoja rafiki wa marehemu babu akasogea. Akatazama zamu nne bila neno. Nilikuwa na mwenye ngao mbele na nataka kumpeleka akamle mpiga upinde. Akaweka kidole kwenye skrini, kikaacha alama ya mafuta ya kiazi karai, akasema: "Ukimla huyu, nyumba unamwachia nani?" Nikaangalia nyuma. Mponyaji yuko wazi, na mpanda farasi wao yuko hatua tano. Nikamrudisha mwenye ngao. Mzee akaondoka kwenda kuswali, hakuuliza hata gemu inaitwaje.

Sasa niko sura ya tatu na mizani imekuja: twende Aesfrost kwenye chuma au Hyzante kwenye chumvi. Wenzangu wamegawanyika. Msinifichulie kinachofuata, niambieni mlienda wapi tu.

---

BintiMagarini (Malindi)

Chumvi. Ulidhani nitasema nini?

---

MzeeWaUMD (Lamu, sasa Mombasa)

Huyo mzee wa kiazi karai ni nani? Kama ni yule ninayemfikiria, msalimie, na mwambie bado ananidai mchezo mmoja.